Sherifu, daktari na maiti: historia ya wachunguzi wa vifo nchini Marekani

Mtu afapo ghafla, au afapo mikononi mwa polisi, jamaa zake huuliza swali moja kabla ya mengine yote: amekufaje? Nchini Marekani, anayetoa jibu hutegemea mahali marehemu alipofia. Akifia Baltimore, mwili wake hupelekwa kwa daktari aliyeajiriwa na jimbo la Maryland. Akifia katika kaunti nyingi za Pennsylvania, hushughulikiwa na afisa aliyechaguliwa kwa kura, ambaye si lazima awe daktari. Na katika kaunti nyingi za California, afisa huyo ni sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti mwenyewe.

Tofauti hizo zina historia ya zaidi ya miaka 800.

Mnamo mwaka 1194, Mfalme Richard wa Kwanza wa Uingereza alikuwa ametoka kifungoni barani Ulaya, na fidia aliyotozwa ilikuwa imeikausha hazina yake. Mwezi Septemba mwaka huo, msaidizi wake mkuu, Hubert Walter, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliagiza kila kaunti ichague askari farasi watatu wenye cheo pamoja na karani mmoja, ili watunze mashauri yanayohusu taji. Kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya taji, afisa huyo akaitwa korona. Virusi vya korona navyo vilipata jina kutokana na neno hilo hilo, kwa sababu ya umbo lao.

Kazi ya afisa huyo haikuwa kuwatendea haki wafu. Alikuwa mlinzi wa mapato ya mfalme. Mali ya mhalifu ilitwaliwa na taji, na hata kitu kilichomuua mtu, kama vile gari au farasi, thamani yake ilidaiwa na mfalme. Desturi hiyo ilifutwa mwaka 1846. Aidha, afisa huyo aliwekwa ili amchunge sherifu, ambaye alikuwa na mamlaka makubwa katika kaunti na alishukiwa kujinufaisha kwa fedha za mfalme.

Walowezi wa Kiingereza waliuchukua mfumo huo hadi Amerika. Kwa kuwa kila jimbo la Marekani lina sheria zake, hakukuwa na utaratibu mmoja, na katika sehemu nyingi cheo hicho kikageuka tunzo ya kisiasa. Massachusetts lilikifuta mwaka 1877 na kukabidhi kazi hiyo kwa madaktari. Katika jiji la New York, uchunguzi uliotolewa mwaka 1915 ulibaini kwamba miongoni mwa watu waliowahi kushika wadhifa huo tangu mwaka 1898 walikuwamo wazikaji, wenye vilabu vya pombe na mafundi wa bomba. Mwaka 1918 nafasi yao ilichukuliwa na ofisi ya kitabibu iliyoongozwa na Daktari Charles Norris.

Maryland lilipiga hatua zaidi. Mwaka 1939 lilianzisha mfumo mmoja wa kitabibu kwa jimbo zima, chini ya daktari mkuu mjini Baltimore. Ili daktari huyo asiwe chini ya amri ya polisi wala wanasiasa, aliwekwa chini ya tume ambayo baadhi ya wajumbe wake walikuwa maprofesa wa vyuo vikuu. Majimbo mengine yakauiga mfano huo.

California lilishika njia nyingine. Ili kupunguza gharama, kaunti nyingi ziliunganisha vyeo viwili, na hivyo afisa aliyebuniwa mwaka 1194 ili amchunge sherifu akawa ndiye sherifu. Hatari yake ilidhihirika mwaka 2017 katika kaunti ya San Joaquin. Daktari Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria aliyepata sifa kwa utafiti wake kuhusu majeraha ya ubongo ya wachezaji wa kandanda ya Kimarekani, alijiuzulu akidai kuwa sherifu aliingilia maamuzi kuhusu watu waliofia mikononi mwa polisi. Sherifu alikanusha madai hayo. Mwaka 2018 viongozi wa kaunti waliamua kuvitenganisha vyeo hivyo.

Hata hivyo, kumweka daktari mahali pa afisa wa kuchaguliwa hakukumaliza tatizo. Mwaka 2021, katika kesi ya mauaji ya George Floyd, aliyekuwa daktari mkuu wa Maryland alitoa ushahidi upande wa utetezi, akisema kifo hicho hakipaswi kuhesabiwa kuwa kilisababishwa na mtu mwingine. Zaidi ya madaktari 400 walitia saini barua ya kutaka kazi ya ofisi yake ya zamani ikaguliwe. Ripoti ya ukaguzi ilitolewa Mei 2025. Kati ya vifo 87 vya watu waliokuwa wamezuiliwa kwa nguvu, wakaguzi walikubaliana kwa kauli moja kwamba vifo 36 vilipaswa kuandikwa kuwa vilisababishwa na watu wengine. Maandishi hayo peke yake hayamtii mtu hatiani, lakini yasipokuwapo, ni vigumu kwa shauri kuanza.

Afrika Mashariki nayo ilirithi sheria ya Kiingereza, ambapo mahakimu ndio waliopewa kazi ya kuchunguza vifo vyenye utata. Mwaka 2017 Kenya ilitunga sheria ya kuunda huduma ya taifa ya wachunguzi wa vifo.

Historia hii yaonyesha kwamba elimu ya daktari ni ya lazima, bali haitoshi. Maiti haiwezi kujitetea. Anayeisemea hana budi kuwa huru mbele ya yule ambaye huenda ndiye aliyesababisha kifo, na kazi yake nayo haina budi kukaguliwa.