Kitengo: Historia Fupi ya Darasa Lililochelewa

Jirani yetu mmoja pale Mikese tulimwita kwa jina la mtoto wake wa pili. Hakuna aliyeona ajabu. Mtoto huyo alikuwa akitumwa dukani, akicheza na sisi, anajulikana mtaa mzima. Basi mama akawa mama wa huyo. Ilinichukua miaka kufahamu kwamba alikuwa na mtoto wa kwanza, mvulana, na kwamba alikuwa mle mle ndani siku zote tulizokuwa tukipita uani kuomba moto. Kwetu mwanamke huitwa kwa kifunguamimba wake. Huyu alikuwa amevuliwa jina lake na mtaa mzima, na hakuna kikao kilichowahi kukaa kuamua hivyo.

Mikese si mahali pa kufichika. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilipita hapa ikielekea Morogoro, ikafika mjini mwaka 1907. Barabara kuu ya Dar es Salaam inapita hapa pia, na usiku mzima malori yanaunguruma. Dunia nzima imepita mlangoni petu. Yule kijana aliisikia yote ikipita, akiwa chumba cha ndani.

Taasisi ninayoikumbuka katika makala haya haina jiwe la msingi wala sanamu ya mwasisi. Ni chumba kimoja, mara nyingi cha mwisho kwenye safu ya madarasa ya shule ya msingi ya kawaida, chenye mkeka sakafuni, ndoo ya maji mlangoni, na mwalimu ambaye wenzake humwita “mwalimu wa kitengo”. Walimu husema hivyo tu, kitengo, na kila mzazi mwenye mtoto wa aina hiyo anaelewa. Madarasa ya watoto wenye ulemavu wa akili yalianza Tanzania mwaka 1982. Yana zaidi ya miaka 40 sasa, na sijaona mtu akiyakatia keki.

Kuelewa yalivyochelewa, tazama waliotangulia. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilifunguliwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Jeshi la Wokovu likaanza kuwafundisha watoto wenye ulemavu wa viungo Dar es Salaam mwaka 1967. Kutoka Buigiri hadi darasa la kwanza la watoto wenye ulemavu wa akili ni miaka 32. Aliyezaliwa mwaka ule wa Buigiri alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza kabla mwenzake wa chumba cha ndani hajaandikwa kwenye daftari la mahudhurio.

Kwa nini wa akili wakawa wa mwisho? Nadhani jibu limo katika kile ambacho watoaji wa huduma walitaka kukiona. Mtoto asiyeona akijifunza nukta nundu, baada ya miaka michache atasimama mbele ya wafadhili na kusoma kwa sauti. Mtoto mwenye mguu uliopooza akipata magongo, atatembea. Matunda yanaonekana, yanapigwa picha. Mtoto aliyehitaji mwaka mzima kujifunza kufunga vifungo vya shati hakuwa na la kuonyesha mbele ya wageni. Tena wasioona na viziwi walikua, wakasoma, wakaunda vyama vyao na kujisemea. Mwenye ulemavu wa akili alihitaji mtu wa kusema pamoja naye, na mtu huyo alikuwa mama yake, ambaye naye hakuna aliyekuwa akimsikiliza.

Kulikuwa pia na mkanganyiko wa muda mrefu kati ya ulemavu wa akili na ugonjwa wa akili. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto yatima waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuka kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mirembe ya Dodoma ikafuata miaka ya 1920. Kwa vizazi kadhaa, mzazi aliyeuliza mwanawe apelekwe wapi alitajiwa Mirembe. Lakini mtoto aliyezaliwa na hali ya Down haumwi. Ana kromosomu moja zaidi, kama alivyoonyesha Jérôme Lejeune na wenzake huko Ufaransa mwaka 1959, na hakuna dawa ya kuiondoa wala haja ya kuiondoa. Anachohitaji ni kufundishwa polepole, kurudiwa, na kupewa nafasi. Hospitali haikujengwa kwa kazi hiyo.

Lugha nayo ilikuwa na sehemu yake. Wazee wetu walisema kilema, kiziwi, kipofu, majina yaliyovishwa kiambishi kile kile cha kiti na kisu. Wa akili walipata mabaya zaidi: taahira, zezeta, punguani. Mtu akiitwa hivyo tangu utotoni, hata mama yake huona aibu kumtoa nje. Leo tunasema mtu mwenye ulemavu, tukimtanguliza mtu, na ofisini neno hilo limeshika. Mtaani bado. Lakini mtaani nako kumezaliwa maneno yenye msaada. Ukimsikia mama kliniki akisema mwanawe ana mtindio wa ubongo, au mgongo wazi, au usonji, ujue ameshaambiwa na mtu kwamba hali hii ina jina na kwamba hakulogwa. Neno usonji lenyewe ni changa. Wengi wa rika langu hatukulikuta shuleni.

Kilichofungua mlango wa mwaka 1982 kilikuwa, kwa maoni yangu, jambo lisilowahusu watoto hawa hata kidogo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aende shule, na mwaka 1977 Elimu ya Msingi kwa Wote ikaanza kutekelezwa nchi nzima. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikaweka wajibu wa kuandikisha. Watendaji wakapita nyumba kwa nyumba. Zamani watoto wengi walibaki nyumbani, kwa hiyo mmoja zaidi wa ndani hakuonekana. Wote walipoondoka asubuhi na sare zao, aliyebaki akabaki peke yake, na mwenye kuhesabu akamwona. Kisha ukaja Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu, 1981, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria mbili: Namba 2 ya ajira ya watu wenye ulemavu na Namba 3 ya matunzo yao. Ile ya matunzo iliyataja waziwazi majukumu ya familia, serikali za mitaa na serikali kuu. Sina hakika kama walioiandika walijua kwamba familia ilikuwa imebeba karibu mzigo wote tangu mwanzo.

Ndani ya kitengo kuna nini? Mgeni akiingia asubuhi anaweza kudhani hakuna somo linaloendelea. Mtoto mmoja ananawa mikono. Anainua kopo, anamimina, anaweka chini, anasugua, anasahau sabuni, anaanza tena. Mwalimu amekaa karibu naye, hamsaidii ila pale anapokwama. Hilo ni somo la stadi za kujihudumia, na limegawanywa hatua kwa hatua kama fundi anavyofundisha kushona. Leo hatua ya kupaka sabuni. Ikishika, wiki ijayo ya kusugua. Kwenda chooni, kuvaa, kula bila kumwaga, kusema jina lako na la mzazi wako ukipotea. Baadaye huja kuhesabu fedha: hii ni ya mia tano, hii ya elfu, na dukani utarudishiwa chenji. Halafu bustani, ufagio, mkeka, kuku. Baadhi hujifunza kusoma na kuandika. Wapo wanaohamia darasa la kawaida, na siku hiyo mwalimu hulia waziwazi. Wapo wanaokaa hapo miaka kumi, wakitoka wanajua kufua nguo zao. Mimi naipima elimu yao kwa kazi iliyoondoka mikononi mwa mama.

Na mama yupo hapo hapo. Hili halimo kwenye miongozo, lakini ukifika vitengo vingi utamkuta barazani, kitambaa begani, akisubiri. Akirudi nyumbani atalipa nauli mara nne badala ya mbili. Kutoka Mikese hadi stendi ya Msamvu, Morogoro mjini, ni mwendo wa daladala, na kondakta hapendi kumpakia mtoto anayepiga kelele au anayehitaji kubebwa. Kwa hiyo mama hukaa. Wanawake hao wakikaa pamoja mwezi, miezi, huanza kuulizana: wako alianza lini kutembea? Wako analala? Mume alisemaje? Waume wengi waliondoka. Huku kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, lukolo, na hilo limeokoa maisha ya watoto wengi, kwa sababu baba akiondoka bibi na wajomba wapo, na shamba la ukoo lipo. Lakini pia lawama hurudi upande huo huo wa mama: kwenu kuna nini?

Baraza hilo la akina mama ndilo, kwa macho yangu, nusu ya pili ya taasisi hii. Zanzibar lilichukua sura ya chama. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu ulikuwa umeshaundwa huko mwaka 1985, na mwaka 1999 wazazi na watu wenye ulemavu wa akili wakaunda jumuiya yao wenyewe, wakishirikiana na chama cha wenzao wa Norway. Walikataa kusubiri kituo. Walitaka watoto wao waingie katika shule za kawaida za karibu, na katika miaka ya 2000 Wizara ya Elimu ya Zanzibar ikakubaliana nao kuanza elimu mjumuisho katika shule za majaribio. Lushoto, Kanisa la Kilutheri lilifuata njia ya shule yenyewe, Irente Rainbow, jirani na shule yake ya wasioona, na mwaka 2007 likaanzisha chuo kikuu kishiriki kilichobeba jina la Askofu Sebastian Kolowa, ambako walimu wa elimu maalumu walisomeshwa. Morogoro nako kuna Mehayo, ambako vijana hujifunza kazi za mikono, na Kituo cha Amani. Kila mahali panapoanzishwa kitu cha aina hii, ukichimba utakuta mwanamke aliyechoka kusubiri.

Wapo wanaosema kitengo kimepitwa na wakati. Tangu Tamko la Salamanca la mwaka 1994 dunia imehimiza watoto wote wasome pamoja. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria Namba 9 ya mwaka 2010, na mikakati ya elimu jumuishi imefuatana. Naikubali hoja hiyo kwa moyo wote. Ila nimeona darasa lenye watoto zaidi ya mia na mwalimu mmoja, na najua mtoto wa kitengo akiingizwa humo bila msaidizi atakaa nyuma mpaka aache kuja, na takwimu zitasema alijumuishwa. Kwa hiyo natetea chumba kile cha mwisho, mradi mlango wake uwe wazi. Uji unywewe pamoja. Mchezo wa mpira uwe mmoja. Katika shule niliyoitembelea, watoto wa darasa la nne walikuwa wakigombea zamu ya kusukuma kiti cha mwenzao wakati wa mapumziko, na mwalimu mkuu aliniambia hakuwahi kuwafundisha hilo.

Kuna jambo lingine linalostahili kuandikwa katika historia hii ingawa halikutokea darasani: ulemavu uliozuiwa. Upungufu wa madini joto kwa mjamzito ni moja ya sababu kubwa duniani za ulemavu wa akili unaoweza kuepukika, na sehemu za bara na milimani zilikuwa na watu wengi wenye rovu. Kuanzia miaka ya 1980 vidonge vya mafuta ya madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, na miaka ya 1990 chumvi ikaanza kutiwa madini hayo. Utafiti wa Erica Field na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba watoto ambao mama zao walifikiwa na vidonge wakiwa wajawazito walisonga mbele zaidi shuleni, hasa wasichana. Malaria kali ya kichwa, homa ya uti wa mgongo, mtoto kuchelewa kulia baada ya kuzaliwa: hizi nazo hujaza vitengo vyetu, na kila mkunga aliye kazini usiku wa manane anapunguza idadi.

Sensa ya mwaka 2022 iliuliza kila kaya. Ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Karani alipofika mtaani kwetu, nilijikuta nikisikiliza majibu ya nyumba ya pili zaidi kuliko nilivyosikiliza maswali yangu.

Kijana wa jirani yetu alipelekwa kitengo mjini akiwa na miaka kumi na miwili, baada ya mwalimu mmoja kuja kuuliza kwa upole kuna watoto wangapi humu ndani. Siku ya kuandikishwa, mwalimu alifungua daftari, akaandika jina la mtoto kwa wino, akainua macho akauliza, “Na wewe ni mama yake?” Akaitika. Kuanzia siku hiyo, barazani na wenzake, kisha kwenye daladala, kisha polepole hapa Mikese, aliitwa kwa jina la kifunguamimba wake. Kijana sasa ni mtu mzima. Asubuhi hufagia mbele ya genge la mama yake kando ya barabara, na ukipita ukimsalimia mama kwa jina lile la zamani, yeye ndiye anayekusahihisha.