Mtarakwa wa Texas (Juniperus virginiana)

Mti ulio mbele yako ni wa asili hapa, kuanzia Dallas na Fort Worth hadi Houston. Ni ndugu wa mtarakwa wa milima ya Kenya na Usambara. Miti yote miwili imetengenezewa penseli.

Wakomanchi, waliotawala nyanda za magharibi mwa Texas kabla ya walowezi, waliweka majani yake juu ya makaa na kuvuta moshi wake ili kujitakasa. Mataifa mengine ya nyandani yalijifukiza vivyo hivyo kutibu mafua. Aliyekulia kwenye nyungu za pwani ya Afrika Mashariki ataielewa tiba hii mara moja.

Mafuta ya mtarakwa huu kwa kawaida hayatoki majanini bali kwenye kiini chekundu cha shina: vipande vya mbao hupitishiwa mvuke, na mvuke ukipoa mafuta hujitenga na maji. Yana kiambata kiitwacho sedroli, na harufu yake inaaminika kufukuza nondo ambao viwavi wao hula nguo za sufu. Kwa hiyo masanduku ya mbao hii yanathaminiwa sana.

Usiyanywe mafuta haya, wala usiyapake ngozini bila kuyachanganya na mafuta mengine. Chavua za jamii hii ya miti huwasumbua wengi wakati wa baridi: chafya, macho kuwasha.