Sukari Iliyofungwa Ndani ya Bua

Hapa Dzaleka, wilayani Dowa, Malawi, mahindi yakishavunwa watu hugombania magunzi na mabua. Kuni ni ghali. Nafundisha kemia katika kambi hii ya wakimbizi, iliyofunguliwa 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa Rais Kamuzu Banda, na huwa nawaambia wanafunzi wangu: mnachokichoma ni sukari.

Bua limejengwa kwa selulosi, yaani glukosi ileile iliyomo katika wanga wa ugali, ila imeungana kwa namna ambayo tumbo letu haliwezi kuifungua. Imezungukwa na lignini, gundi ngumu isiyoruhusu vimeng'enya kupenya. Gundi hiyo ndiyo iliyowasumbua miaka yote wataalamu wanaoitafuta sukari hiyo.

Mwaka 1819 Mfaransa Henri Braconnot alitia matambara ya kitani katika asidi ya salfa, akapata sukari. Lakini asidi hula mitambo, na ikizidi huiharibu sukari yenyewe. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, katika visiwa vya Solomon, vitambaa vya pamba vya jeshi la Marekani vilikuwa vikioza. Kuvu iliyovila, Trichoderma reesei, ndiyo hadi leo inayotegemewa kwa vimeng'enya vya kuvunja selulosi. Hata hivyo, kwenye bua haifui dafu mpaka lignini ilegezwe kwanza kwa mvuke, asidi au alkali.

Alkali Wamalawi wanaijua tangu zamani. Jirani yangu huchoma mabua ya maharage, akajaza majivu kwenye chungu kilichotobolewa kitako, akamimina maji kidogo kidogo. Chini hudondoka chidulo, maji ya rangi ya chai. Akiyatia kwenye mboga ngumu, nyuzi hulainika upesi. Viwandani hutumia soda kali na joto jingi, lakini kanuni ni ile ile, na darasani mimi huanzia kwenye chungu hicho.

Sukari ikishapatikana, huweza kuchachushwa iwe ethanoli. Tangu 1982 kiwanda cha Dwangwa, Nkhotakota, kinatengeneza ethanoli ya kuchanganywa na petroli, hata ile inayouzwa Lilongwe. Malighafi yake ni molasi, ambayo sukari yake imeshakamuliwa kutoka kwenye muwa. Hatua ya kupata sukari kutoka kwenye nyuzi za selulosi bado. Natamani Malawi ifike huko, ikianza na makapi ya miwa yanayozidi mahitaji ya tanuri za kiwanda cha sukari. Mabua ya mkulima yaachwe: yanarutubisha shamba lake, na huku kwetu yanaivisha maharage.