FEDHA ZA VIJANA: TULIKOTOKA MPAKA LEO

Kikundi chetu kimefikisha miaka 10.

Wengi mnaniuliza hela za vijana za halmashauri zilianzaje. Mfuko wa Maendeleo ya Vijana ulianzishwa 1993/94, pamoja na ule wa akina mama. Halmashauri zilitakiwa kutenga asilimia 5 ya mapato ya ndani kwa vijana na 5 kwa wanawake, lakini nyingi hazikutimiza. Mwaka 2018 ikawa sheria: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, tena bila riba.

Aprili 2023 Serikali ikasimamisha mikopo hiyo nchi nzima, maana pesa nyingi zilikuwa hazijarudi na vikundi vingine vilikuwa hewa. Hapa Vwawa vijana wetu, watoto wa kuwazaa wenyewe, walishaandika katiba na kufungua akaunti. Wakabaki wanashinda stendi.

Kikaoni tulibishana sana. Wengine walisema fedha ya sanduku ni jasho la kahawa, isiguswe. Mwisho tukawakopesha mashine ya kufyatulia matofali. Walirudisha yote, ila walichelewa miezi mitatu, na wapo wenzetu mpaka leo hawajanisamehe.

Mikopo ya halmashauri ilirejea 2024. Akina mama, tuwahimize vijana waombe, na wakipata warudishe. Hela usiyorudisha wewe ndiyo anayoikosa mwenzako.

Haba na haba hujaza kibaba.

Mwenyekiti