Pono na Harid

Usingizi wa pono haumhitaji mkalimani katika pwani yetu. Aitwaye asiitike, asukumwaye asiamke, huyo kalala pono. Lakini si wengi wajuao kwamba mmoja katika jamaa ya pono aliingia vitabuni mwa elimu ya wanyama kwa jina alilopewa na wavuvi wa Kiarabu: harid.

Mwaka 1761 Peter Forsskål, mwanafunzi wa Carl Linnaeus, aliondoka Copenhagen na wenziwe watano kwenda Arabuni kwa amri ya mfalme wa Denmark. Samaki wa Bahari ya Shamu aliwachuna ngozi ya ubavu mmoja, akaikausha na kuibana karatasini kama jani la mti. Umbo lilisalia, rangi ikatoweka. Ndipo jina la wenyeji likawa na thamani: akaandika harid, bohar, asfur, kama walivyotamka wenye nyavu. Forsskål alifia Yemen mwaka 1763, umri wake miaka 31. Carsten Niebuhr, aliyenusurika peke yake, akakichapisha kitabu cha mwenzake mwaka 1775.

Kumtambua pono kwa rangi ni mtihani. Wengi wao huanza maisha wakiwa majike ya rangi iliyofifia, kisha baadhi hugeuka madume ya kijani na buluu. Mabingwa wa Ulaya walihadaika. Samaki mmoja wakampa majina mawili, hata matatu. Leo spishi zinazokubalika hazizidi 100 kwa mbali, ilhali majina yaliyowahi kuandikwa ni zaidi ya mara mbili ya hizo.

Harid mwenyewe, mwenye pua ndefu, huishi penye mchanga kando ya matumbawe, toka Bahari ya Shamu hadi Msumbiji. Katika visiwa vya Farasan hukusanyika kwa makundi kila mwaka, yapata Aprili, na watu humfanyia sherehe kwa jina lile lile.

Nao wahenga wetu hawakubuni. Usiku baadhi ya pono hujibanza mwambani, wakatoa ute na kujifunika gubigubi hadi alfajiri. Msemo wetu ni ushahidi wa macho yaliyochungulia majini kabla ya kalamu ya mgeni. Mwamba ukifa, pono akatoweka, Kiswahili kitabaki na usingizi usio na mwenye kuulala.