Uvimbe wa Taya: Historia Iliyoanzia Kampala

Leo tunaeleza historia ya saratani ya watoto inayoitwa Burkitt.

Mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye, huko Jinja, akaona mwingine kama huyo. Mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kilomita zipatazo 16,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waligundua kwamba ugonjwa huu uko zaidi katika sehemu zenye joto na mvua, ambako malaria pia ni nyingi.

Mwaka wa 1964, wanasayansi wa London walichunguza uvimbe uliotoka Uganda, wakaona kirusi ndani yake. Kirusi hicho huambukizwa kwa mate. Karibu sisi sote tunacho, na wengi hakitudhuru.

Kwa nini basi watoto wachache waugue? Jibu lilianza kupatikana mwaka wa 1982. Ndani ya kila seli mna jeni, yaani maagizo ya kazi. Jeni moja, MYC, huamuru seli igawanyike. Katika saratani hii, MYC imehama na kukaa karibu na jeni za kutengeneza kingamwili, ambazo katika seli za kinga hazilali. Nayo MYC hukesha, na seli huzaana bila kikomo. Malaria ya mara kwa mara huongeza hatari, kwa hivyo mtoto alale ndani ya chandarua.

Mama, sikiliza vizuri: mabadiliko hayo hutokea ndani ya seli za uvimbe. Mtoto hakuyarithi kwako. Si laana, na usikubali kulaumiwa.

Uvimbe huu hukua kwa siku chache tu. Ukiona taya limevimba na meno yanalegea, jicho linatokeza, au tumbo linafura, usiishie kung'oa jino. Mpeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo.

Tangu miaka ya 1960, madaktari wa Kampala na Nairobi waliona uvimbe huu ukiyeyuka kwa dawa. Lakini kuyeyuka si kupona. Mama akiona shavu limerudi kawaida na kumtoa mtoto wodini, ugonjwa unaweza kurudi. Maliza dawa zote, na urudi kliniki kila unapoitwa.

Mpaka kipindi kijacho, kwaherini.