Atiman: Jina Lililotoka Mto Niger Likakaa Karema

Kijana akipita Kabungu, hapa mkoani Katavi, akamwamkia mzee aliyeketi barazani, jina lake mwenyewe halimtoshi mzee. Shikamoo ikishaitikiwa, swali linalofuata ni hili: "Mtoto wa nani wewe?" Akimtaja baba, ataulizwa babu. Akimtaja babu, mzee hutikisa kichwa, maana sasa amemjua.

Nchi hii ya Wabende inaheshimu majina ya waliotangulia. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na mkoa wenyewe uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, vinaitwa kwa Katabi, mwindaji ambaye kwa imani ya wenyeji roho yake inakaa kwenye mkwaju kando ya Ziwa Katavi. Mtu alikufa, jina likaachiwa nchi.

Mataifa mengine nayo yamejenga koo zao juu ya jina la mtu mmoja. Waayalandi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza Ulaya kuwa na majina ya ukoo yanayorithiwa. Kwao "Ó" maana yake ni mjukuu au mzao, na "Mac" ni mwana, kama sisi tusemavyo bin na binti. Ukoo wa O'Brien ni wazao wa Brian Boru, mfalme aliyeuawa katika vita vya Clontarf, karibu na Dublin, mwaka 1014. Waingereza walipoitawala nchi ile, familia nyingi ziliacha ile "O" na "Mac" zao. Baadaye, taifa lilipoamka kudai haki yake, wengi walizirudisha. Waliona kuwa kupokonywa jina ni kupokonywa babu.

Katavi nayo ina jina la namna hiyo, na historia yake ni ya ajabu kuliko ya Brian. Ni jina la Atiman.

Mwenye jina alizaliwa miaka ya 1860 katika kijiji kilichokuwa kando ya Mto Niger, upande wa Timbuktu, nchi iitwayo leo Mali. Angali mtoto alinyakuliwa na Watuareg, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa utumwani. Huko Algeria Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1868, walimkomboa kwa fedha. Mwaka 1882 alibatizwa, akaitwa Adrian. Lakini Atiman, jina alilotoka nalo kwao, hakuliacha. Wenye kununua watu walizoea kuwabadili majina ili wasahau walikotoka. Yeye alilishika la kwake, akalibeba kila alikokwenda.

Lavigerie alitaka Waafrika wasomeshwe udaktari, kisha warudi kuwatibu na kuwafundisha Waafrika wenzao. Atiman akapelekwa kisiwa cha Malta, akasoma huko hadi mwaka 1888. Mwaka huohuo alisafiri kuja Afrika ya Mashariki, akaungana na msafara uliotoka pwani kwa miguu. Mwaka 1889 alifika Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Palikuwa na ngome iliyojengwa na Wabelgiji tangu mwaka 1879, na mwaka 1885 ilikuwa imekabidhiwa kwa Mapadri Weupe.

Kijana aliyefika alikuwa mgeni wa kila kitu. Hakuwa na baba, mjomba wala binamu katika nchi yote hii. Lile swali la mzee wa Kabungu, "Mtoto wa nani wewe?", angelijibu kwa kutaja kijiji ambacho hapakuwa na mtu huku aliyewahi kukisikia.

Jibu alilipata kwa kazi na kwa ndoa. Alimwoa Wansahira, binti wa mtawala wa Kibende, na tangu siku hiyo Wabende wakawa wakwe na mashemeji zake. Akawa daktari na katekista wa Karema, akatibu wagonjwa na kufundisha dini kwa miaka 67. Alianza kazi kabla utawala wa Wajerumani haujafika ziwani. Akawaona Wajerumani wakija na kuondoka, akawakuta Waingereza, na alipofariki mwaka 1956 Tanganyika ilikuwa imebakiza miaka 5 tu kupata uhuru. Serikali zilibadilika, daktari wa Karema akabaki yuleyule.

Mwanawe Joseph alipata upadri mwaka 1923. Padri haoi, kwa hiyo Joseph hakuwa wa kulipitisha jina kwa watoto wa kuzaa. Hata hivyo jina limepata warithi. Sumbawanga kuna Hospitali ya Dkt. Atiman, ya Kanisa Katoliki, ambako mama wa Rukwa humpeleka mwanawe mwenye homa, akalitamka jina la mtoto aliyeuzwa jangwani. Dar es Salaam nako, Mapadri Weupe wana nyumba iitwayo Atiman.

Kwangu hiyo ndiyo maana kamili ya ukoo. Brian Boru alikuwa na kiti cha ufalme na jeshi la kumpigania, na ndivyo jina lake lilivyopata pa kushika. Atiman hakuwa na ardhi wala ng'ombe wala ndugu. Alikuwa na jina na elimu tu, akavitoa vyote kwa watu wasiokuwa damu yake, na watu hao wakamfanya wao. Wabende wana haki ya kusema huyu ni mkwe wetu.

Tunayajua mengi ya maisha yake kwa sababu aliyasimulia mwenyewe, na masimulizi hayo yakachapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Asingeyasimulia, kile kijiji cha Mto Niger kingezikwa pamoja naye.

Basi nawaomba wasomaji wa Kabungu, Mpanda na Karema: wazee wangali barazani. Mwulize babu jina lake lilitoka wapi, nani alimpa, na kwa kisa gani; mwulize bibi vilevile, maana bila Wansahira Atiman angebaki mgeni. Andika majibu kwenye daftari, weka na tarehe. Wajukuu zako wataulizwa ni watoto wa nani, na itawapasa kujibu.